Rubani Yuko Chini: Nasaha kwa Walimu wa Kindu Wanaotaka Kuingiza Droni Darasani

Watu wa mwambao, tangu zama za majahazi na mitepe, walimwita rubani mtu yule ajuaye miamba iliyozama, mikondo ya maji na nyota za usiku, ambaye husimama karibu na nahodha akimwonyesha chombo kipite wapi. Na zilipozuka ndege, jina hilo likapanda nazo angani pasipo taabu, kwa kuwa kazi ilikuwa ileile ya kuongoza chombo mahali pasipo barabara. Ikatujia sasa hii ndege ndogo ya mapanga manne yazungukayo, nasi tukaiita ndege isiyo na rubani, jina ambalo tangu nilisikie kwa mara ya kwanza nimekuwa na shaka nalo. Rubani yupo. Ameshuka chini tu, amesimama kwenye nyasi na simu mkononi, na mwalimu atakayemsahau mtu huyo kwa sababu macho yake yako juu atakuwa amelipoteza somo lake kabla hajalianza. Kwa hiyo katika makala haya nitasema droni, neno fupi ambalo asili yake kwa Kiingereza ni nyuki dume. Husimuliwa kwamba Wamarekani waliliokota kwa kuwa Waingereza, katika miaka ya 1930, walikuwa na ndege iliyoongozwa kwa redio ili wapiga mizinga waifanye shabaha, wakaiita Malkia wa Nyuki. Ukiisikia ikivuma juu ya mwembe hutauliza tena kwa nini.

Ninaowaandikia ni walimu wenzangu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na wale wa Kalima, Kibombo na Kasongo ambao makala haya yatawafikia kwa garimoshi au kwa baiskeli, kwa sababu nimeona jinsi chombo hiki kinavyoingia katika shule zetu, nami sikupendezwa. Kwenye shule moja, ambayo sina haja ya kuitaja, droni ililetwa na wafadhili katika sanduku zuri jeusi, ikarushwa siku ya makabidhiano mbele ya wageni, wazazi wakapiga vigelegele, wanafunzi wakakimbia uwanja mzima wakiifuata. Kisha sanduku likafungiwa kabatini kwa prefe, yaani mkuu wa shule, na nilipopita pale baada ya miezi saba au minane nikaomba kuiona, betri ilikuwa imevimba kama andazi. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa ameigusa. Sikumlaumu prefe, kwa maana alikabidhiwa chombo pasipo kukabidhiwa somo, na mtu aliyepewa kitu cha thamani asichojua matumizi yake hana la kufanya ila kukihifadhi.

Tuanze basi na hesabu, kwani hesabu ndiyo itakayotuonyesha somo liko wapi. Chukua droni ndogo ya kufundishia iitwayo Tello, ambayo ina uzito wa takriban gramu 80, yaani chini ya uzito wa mayai mawili, na ambayo watengenezaji wake wanasema betri moja huiweka angani kwa dakika 13. Darasa lako, ukijaliwa kuwa na darasa dogo, lina wanafunzi 50. Gawanya: kila mmoja atapata sekunde 15 na kitu, muda usiotosha hata kupiga chafya na kuomba radhi. Ukiwa na betri tatu atapata robo tatu za dakika. Mwalimu anayedhani kwamba kufundisha kwa droni ni kuirusha, atawapa wanafunzi 3 furaha na 47 uchungu wa shingo. Lakini ukichukua kwamba kuruka ni jawabu la mwisho, na kwamba wiki tatu nzima kabla yake zitatumika kuuliza swali, kuchora, kupima, kuandika amri na kuzisahihisha, basi dakika 13 zinakuwa nyingi, na pengine utabakiwa na akiba.

Somo la kwanza liwe la mwili wa droni, nayo iwe imezimwa, na mapanga yake yamefunguliwa na kuwekwa mezani. Waulize wanafunzi kwa nini mapanga ni manne, na kwa nini mawili yanazunguka kuelekea kulia na mawili kuelekea kushoto. Usiwajibu. Watoe nje, ufunge ubao kwa kamba moja kwenye tawi la mwembe, umkalishe juu yake mwanafunzi mwepesi, umpe gurudumu la baiskeli alishike kwa ekseli yake likiwa limelala kama sinia, kisha umwambie alizungushe kwa nguvu kwenda kulia. Yeye mwenyewe ataanza kugeuka kwenda kushoto, na darasa zima litacheka, na katika kicheko hicho kanuni ya tatu ya Newton, ambayo wamekuwa wakiikariri tangu mwaka jana kama dua ya lugha wasiyoijua, itakuwa imepata nyama na mifupa. Panga linalozunguka huku likiisukuma hewa huupindua mwili wa chombo upande wa pili. Ndipo mapanga yanayotazamana kwa mshazari yakafanywa yazunguke njia moja, na yaliyo jirani yapingane, ili mapinduo yote yafutane na chombo kitulie. Ikitaka kugeuka, huongeza kasi ya jozi moja ya mshazari na kuipunguza ya pili kwa kiasi kilekile, hivi kwamba haipandi wala haishuki. Ikitaka kwenda mbele, mapanga ya nyuma hukaza mwendo na chombo huinama. Haya yote mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyafikia mwenyewe akiwa na kamba, gurudumu na wasaa.

Iko sehemu moja ya chombo hiki ambayo sisi watu wa Maniema tuna haki ya kukaa nayo kuliko wengine. Ndani ya droni nyingi kuna kipimahewa kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho hupima uzito wa hewa, au kanieneo kama vitabu vya fizikia vinavyoiita, na kwa kuwa hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, takriban hektopaskali 1 kwa kila mita 9 katika nchi kama yetu, chombo kinaweza kujua kimepanda kiasi gani pasipo kuitazama ardhi. Sasa wakumbushe wanafunzi habari ya mto unaopita mbele yao. David Livingstone alifika kwenye soko la Nyangwe mwaka 1871 akiwa na tumaini kwamba Lualaba ndio mwanzo wa Nili, na katika soko hilohilo, tarehe 15 Julai, akashuhudia watu wa misafara wakiwamiminia risasi wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao, jambo lililomvunja moyo akarudi Ujiji. Naye alifariki mwaka 1873 na fumbo lake la mto halijafumbuliwa. Mwaka 1874 akaja Verney Lovett Cameron, akapima kimo cha mto pale Nyangwe, akakuta kwamba Lualaba uko chini kuliko Nili ilivyo kule Gondokoro, mamia ya maili kaskazini. Maji hayapandi mlima. Kwa kipimo kimoja tu dhana ya Nili ikaanguka, ijapokuwa ilibidi Stanley, aliyeondoka Nyangwe mwaka 1876 akisindikizwa mwanzoni na Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, aufuate mto mpaka Boma mwaka 1877 ndipo ulimwengu ukakubali kwamba ni Kongo.

Kwa nini nimeirefusha hadithi hii? Kwa sababu ramani ya kwanza ya nchi yetu ilichorwa na wageni waliokuwa na vyombo, na babu zetu, waliojua kila kijito, hawakuulizwa ila majina. Mwanafunzi wa Kindu akishika kipimahewa leo na kupanda nacho kutoka ukingoni mwa mto mpaka mahali pa juu pa mji, akaandika tofauti, kisha akachemsha maji katika sufuria na kuona kwamba kipimajoto kinakoma kwenye nyuzi 98 na kitu badala ya 100, kwa kuwa mji wake uko takriban mita 500 juu ya bahari, atakuwa amefanya kazi ya Cameron kwa nusu siku, tena bila wapagazi.

Na kabla hujaomba fedha za droni, nakusihi uanze na tiara. Watoto wetu wanazitengeneza kila kiangazi kwa vijiti na mifuko ya plastiki, nao wanajua upepo wa Lualaba kuliko wewe na mimi. Mfaransa mmoja, Arthur Batut, alipiga picha za nchi kutoka juu kwa kamera iliyofungwa kwenye tiara mwaka 1888, wakati eropleni bado haijazaliwa. Basi nini kinachotuzuia sisi, tulio na simu za zamani zilizopasuka kioo lakini kamera zake nzima? Tengenezeni tiara kubwa, mfunge simu kwenye uzi, mita kadhaa chini ya tiara, ili isiyumbe mno, muiwekee programu ya kupiga picha kila sekunde 5, mpandishe. Picha 60 zitakuwa za mawingu na vidole, na 3 zitakuwa za paa la shule. Hizo 3 zitamfundisha mwanafunzi mambo ambayo droni, kwa utulivu wake, itamficha: kwamba kamera iliyoinama hupotosha umbali, kwamba kivuli hudanganya, kwamba upepo ni mwalimu mkali. Shule ambayo imefaulu kwa tiara imejua tayari inataka kuona nini, na ikipata droni haitaifungia kabatini.

Linafuata somo la amri, ambalo watu wa kompyuta huliita kuandika programu, na ambalo kwa bahati njema halihitaji kompyuta mpaka mwishoni. Droni ndogo niliyoitaja hukubali kuongozwa kwa Scratch, lugha ya vipande vya rangi ambavyo mtoto huvipanga kama matofali, na pia kwa Python kwa wale waliokwisha kukomaa. Amri zake ni chache na nyepesi: inuka, nenda mbele sentimita kadhaa, geuka digrii kadhaa, tua. Hatua moja haipungui sentimita 20 wala haizidi 500. Mchore alama kwa chokaa uwanjani, mmfunge kitambaa machoni mwanafunzi mmoja, yeye ndiye awe droni. Mwingine awe rubani, aandike amri zake kwenye karatasi zote kwa pamoja kabla ya kuanza, na wa tatu azisome kwa sauti bila kuongeza wala kupunguza neno. Sharti la mchezo ni kwamba aliyefungwa macho atatii kile kilichoandikwa, hata kama kinampeleka ukutani.

Waamuru kwanza watembee mraba. Mbele mita 3, geuka 90, mara nne, amerudi alipoanza. Wote watafaulu, nao watajiona mahodari. Kisha waamuru pembetatu ya pande sawa. Karibu kila kundi, nawe usiwazuie, litaandika geuka 60, kwa kuwa wamefundishwa na kufundishwa tena kwamba pembe ya pembetatu hiyo ni digrii 60, na maskini wa kitambaa ataondoka kwenda anakokujua Mungu, asirudi kamwe kwenye alama ya chokaa. Hapo ndipo mzozo mtamu unapozuka. Wengine watasema amekosea hatua, wengine kwamba kitambaa kimelegea, mpaka mmoja wao, aghalabu si yule wa kwanza darasani, asimame mwenyewe mahali pa pembe, anyooshe mkono kuelekea alikokuwa akienda na mwingine kuelekea anakotakiwa kwenda, aone kwamba pembe anayoigeukia iko nje ya umbo, nayo ni 120. Nimefundisha handasa kwa ubao na chaki miaka mingi, wala sijawahi kuona pembe ya nje ikipokewa kwa kelele za ushindi namna ile. Baada ya hapo, siku droni yenyewe itakapoinuka, ikaenda, ikageuka 120, ikarudi na kutua palepale, sekunde zile chache zitakuwa za darasa zima, ingawa aliyebonyeza ni mmoja.

Mtaulizwa na wazazi, na ni haki yao kuuliza, chombo hiki kina faida gani hapa duniani zaidi ya kuwapigia picha maharusi. Wajibuni kwa mambo ya jirani. Rwanda, tangu Oktoba 2016, imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa droni kutoka kituo cha Muhanga. Katika nchi yetu wenyewe, mkoani Equateur, upande wa Mbandaka, chanjo zimesafirishwa kwa njia hiyo juu ya mito na vinamasi. Mwaka 2018, kutoka Mwanza kwenda kisiwa cha Ukerewe katika ziwa la Victoria, dawa zilisafirishwa kilomita 60 kwa dakika 40. Mpe mtoto wa darasa la sita atafute mwendo wake kwa saa, atakuambia ni kilomita 90, kisha muulize pikipiki ya Kindu mpaka Kalima huchukua muda gani masika, atacheka. Malawi walifungua chuo cha droni mjini Lilongwe mwaka 2020.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Zanzibar. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya visiwa vile, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilikata shauri kuvipiga picha Unguja na Pemba vyote kutoka juu, na badala ya kukodi ndege na wataalamu kutoka ng'ambo ikawafunza vijana, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kuongoza droni za bawa nyepesi ambazo hurushwa kwa mkono kama mtu anayemwachia njiwa. Visiwa viwili, zaidi ya kilomita 2,000 za mraba, vikapigwa picha kipande kwa kipande, kila picha ikiila sehemu ya mwenziwe ili kompyuta iweze kuziunganisha. Natambua kwamba kuitaja Zanzibar mbele ya watu wa Maniema ni kutonesha jeraha, kwa kuwa njia iliyotuletea lugha hii tunayoandika ndiyo iliyochukua watu na pembe za ndovu. Hata hivyo nadhani ni insafu kusema kwamba safari hii kutoka kisiwani kunatoka kitu cha kuiga.

Nanyi mnaweza kuiga kwa kipimo chenu. Chukueni uwanja wa mpira wa shule. Tandazeni vitambaa viwili vyeupe ardhini, umbali wa mita 10 barabara baina yao, mkivipima kwa kamba na si kwa hatua. Droni yenye kamera inayoweza kutazama chini wima ipande, ipige picha. Ichapishwe. Iwapo mita 10 baina ya vitambaa zimekuwa sentimita 2 kwenye karatasi, basi picha imekuwa ramani ya moja kwa mia tano, na uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 utaonekana kwenye karatasi kuwa sentimita 21 kwa 13 na milimita 6. Wanafunzi watapima kwa rula, nao watagundua, kwa fedheha ya mwalimu wa michezo, kwamba uwanja wao haufiki huko, na kwamba goli la upande wa mto limesogea. Mwalimu wa hisabati atapata uwiano wake na Thales wake, mwalimu wa jiografia atapata ufunguo wa ramani, na mwalimu wa lugha awape kazi ya kuandika barua kwa prefe kulalamikia goli lile. Wenye droni kubwa kidogo wanaweza kusimama ukingoni na kupiga picha mbili za mto, baina yake sekunde 10, na kutafuta gogo linaloelea limesafiri mita ngapi. Ile ndogo msiipeleke juu ya maji: hujishikilia kwa jicho lililo tumboni mwake, linalotafuta alama ardhini, na uso wa maji unaometameta huiondolea fahamu.

Sasa nifikie jambo zito, ambalo kwalo naomba mnisome taratibu. Uwanja wa ndege wa Kindu uko ubavuni mwa mji, na shule nyingi za mjini zinasikia injini za ndege zikishuka. Katika nchi nyingi kanuni huzuia kurusha droni karibu na viwanja vya ndege na kuipandisha zaidi ya mita 120, nasi tuna sheria ya usafiri wa anga ya tarehe 31 Desemba 2010, tuna mamlaka ya AAC huko Kinshasa, tuna RVA inayosimamia viwanja vyenyewe. Msirushe chochote nje ya jengo mpaka muwe na ruhusa iliyoandikwa, yenye muhuri, na nakala yake ikiwa mfukoni mwa mwalimu siku hiyo. Ruhusa ya mdomo hupotea pamoja na aliyeitoa akihamishwa. Fauka ya hayo, pelekeni taarifa ofisi ya meya, polisi, chifu wa mtaa na nyumbakumi. Hadi karatasi hizo zipatikane, na huenda zikachukua muhula mzima, rukeni ndani: ukumbi wa shule, jengo la parokia siku isiyo na ibada, ghala tupu. Droni ya gramu 80 haihitaji zaidi ya hapo, na amri za mraba na pembetatu hufaa zaidi mahali pasipo upepo. Wala msikaribie kambi za jeshi, wala machimbo, hata kwa kutania.

Sababu si sheria pekee. Tarehe 3 Desemba 2013, mjini Goma, Umoja wa Mataifa kwa mkono wa MONUSCO ulizindua droni za upelelezi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Hazikuwa na silaha, lakini miaka iliyofuata katika Kivu zote mbili imewafundisha watu kwamba mvumo wa angani unaweza kuwa na silaha pia. Madarasani mwetu wamo watoto waliokuja Kindu wakikimbia vita. Mmoja wao akisikia sauti ile bila kuonywa, akajitupa chini ya dawati, utakuwa umemdhulumu kwa jina la elimu. Kwa hiyo siku moja kabla, iwekeni droni mezani, ikiwa kimya. Wanafunzi waishike, waipime kwa mizani ya sokoni, wazazi watakao waje waiguse. Kisha iwashwe mkononi mwa mwalimu, sauti yake ijulikane. Na atakayetaka kubaki nje ya somo aruhusiwe pasipo kuulizwa sababu mbele ya wenzake.

Iko na habari ya sitara. Nyumba zetu nyingi zina ua, na uani mna bafu la makuti au mabati, lisilo na dari, kwa kuwa tangu enzi na enzi hakuna aliyetazama kutoka juu ila ndege na Mola wake. Mbingu ilikuwa sehemu ya ukuta. Droni inapopanda mita 20 tu, ukuta huo umeanguka kwa mtaa mzima, na mama aliyekuwa akikoga saa nne asubuhi hakutenda kosa lolote. Pangeni saa na upande wa kuruka mkiwa na majirani, sio mkiwa mmekwisha kupanga. Kamera ielekee uwanjani tu. Na picha yoyote iliyonasa ua wa mtu ifutwe siku hiyohiyo mbele ya wanafunzi, waone kwa macho yao ikifutwa. Naiona robo saa ya kufuta picha kuwa somo kubwa kuliko kuruka kwenyewe, na shule ambayo haitaki kuitoa robo saa hiyo ibaki na tiara yake.

Ya betri nitasema kwa ufupi. Isichajiwe usiku watu wakilala, wala juani, wala juu ya godoro. Iwe juu ya saruji au bati, na ndoo ya mchanga karibu. Isiachwe ikauke kabisa, wala isihifadhiwe ikiwa imejaa pomoni. Nusu yatosha, na kila mwezi itazamwe. Ikivimba, kazi yake imekwisha: msiitoboe, msiitupe chooni wala mtoni. Mvua za Maniema aghalabu hushuka alasiri, basi rukeni asubuhi, ukungu wa mto ukishatoweka. Na kwa kuwa kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti kinaangukia likizoni kwa sehemu kubwa, pangeni mapema siku ya kuruka nje mwishoni mwa mwaka wa shule, isije ikagongana na mitihani ya taifa. Nunueni ndogo mbili badala ya kubwa moja, na mapanga ya akiba mengi, maana yatavunjika. Wala gharama isigeuzwe mchango mpya juu ya wazazi, ambao wamekwisha kutoa vya kutosha.

Baadaye, mtakapokuwa na picha moja safi ya shule kutoka juu, msiishie kuitumiana kwenye simu. Ichapisheni kwa ukubwa mtakaoweza kuulipia, muibandike ukutani penye kivuli, na wanafunzi waijaze kwa kalamu yale ambayo kamera haikuyajua: jina la mwembe, njia ambayo watoto wa Alunguli hupita wakitoka kwenye mitumbwi, mahali maji yanapotuama masika, ukingo wa korongo ulipofika mwaka huu. Pembeni andikeni tarehe, saa, kimo cha kuruka, mahali hasa droni ilipoanzia, na jina la mwanafunzi aliyekuwa rubani, ili darasa litakalokuja mwakani lisimame kwenye jiwe lilelile, lipande kimo kilekile, na kuiweka picha yake kando ya ile ya kwanza.